Barcelona wana mnara, Mukumu tuna isukuti

Mgeni wa Barcelona hupelekwa kwanza Sagrada Família, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1882, ambalo mafundi wameendelea nalo kwa zaidi ya karne moja. Akitoka hapo huingia soko la Boqueria kula samaki, kisha hujiona ameshaumaliza mji. Mimi ningemshauri asubiri sikukuu ya Mercè mwezi Septemba, aende uwanja wa Sant Jaume aone watu wakijenga mnara kwa miili yao wenyewe.

Mnara huo huitwa castell. Chini hujazana watu, mara nyingi mamia, kifua kwa mgongo, mikono imenyooshwa kuelekea katikati. Ndio wanaouzuia usiyumbe, na ukianguka wao ndio godoro. Juu yao hupanda ghorofa ya pili, ya tatu, na kuendelea, watu wakizidi kuwa wepesi, hadi mtoto mwenye kofia ngumu afike kileleni, ainue mkono na kuteremka. Mnara ukiporomoka wakati wa kushuka, alama za timu hupungua.

Ugumu wenyewe ni kwamba walio chini wameinamisha vichwa, hawaoni kitu. Watajuaje wakati wa kukaza? Kwa masikio. Zumari na ngoma hupigwa mnara ukianza kupanda, na mdundo huwaeleza umefika wapi, mtoto ameinua mkono au bado, watu wameanza kushuka au la.

Sanaa hii iliwahi kudorora. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 hakuna timu iliyofikisha ghorofa tisa, mpaka 1981. Miaka hiyo ya 1980 wanawake wakaanza kupokelewa, timu zikapata watu wengi na wepesi wa kupanda juu. Mwaka 1998 ghorofa ya kumi ikasimama. UNESCO ilipouandikisha mnara mwaka 2010, kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na timu zenyewe, ambazo hukutana jioni za kawaida kufanya mazoezi, pasipo sherehe wala mtu wa kuwapigia makofi.

Sasa shuka Mukumu, magharibi mwa Kenya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ambako wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni mwaka 1906. Hapa ni Isukha. Mgeni atapata ingokho, yaani kuku, kwa ugali, na mrenda uliolainishwa kwa mushelekha, yale maji yanayochujwa kwenye majivu tone kwa tone. Ngoma yake, na ya majirani zake wa Idakho, ni isukuti.

Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi hutanguliza wimbo, na safu ya wanaume na ya wanawake huufuata mdundo, mabega yakitikisika. Maneno hubadilishwa kulingana na shughuli: mtoto amezaliwa, arusi, matanga, mpira. UNESCO iliiandikisha mwaka 2014, lakini kwenye orodha ya vinavyohitaji kulindwa haraka. Sababu zilizotajwa ni wazee wasio na warithi, uhaba wa pesa na wa vifaa, na watunzi kuhamia muziki unaolipa.

Suala la vifaa ni gumu kuliko linavyoonekana. Ngoma huchongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya kenge, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu fundi kwenda kuwinda anavyotaka. Lakini hata ngozi ikipatikana leo, nani ataipiga ngoma hiyo? Hapo ndipo naona tofauti na Barcelona. Kikundi chetu hukusanyika kikiitwa kazini, msibani au kwa mwanasiasa, na kijana hujifunza kwa kuchungulia. Mnara wa Barcelona hauwezi kusimama bila mtoto, kwa hiyo timu inalazimika kumfundisha kila mwaka. Isukuti inaweza kupigwa na wazee watupu, na pengo lisionekane mpaka wameondoka.

Kenya inajua njia. Mwaka 2021 UNESCO ilitambua kazi yetu ya kulinda vyakula vya asili kuwa mfano mwema, na sehemu yake moja ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi. Kilichofanyika kwa mboga kifanyike kwa ngoma. Kaunti ya Kakamega isisubiri tamasha: itenge jioni moja kila wiki katika shule za Isukha na Idakho, imlipe mzee wa kufundisha, na ngoma ile ndogo apewe mtoto.