Ruth alishatubu, mbona akafa?

Kitabu hiki nilikikuta kwenye boksi la vitabu vya msaada pale kituo cha vijana. Kinaitwa Ruth, cha Elizabeth Gaskell, mke wa mchungaji wa Manchester, Uingereza. Kilitoka mwaka 1853. Nilikisoma na kamusi mkononi wiki tano, halafu nikawasimulia wasichana wa kikundi chetu cha Jumamosi.

Ruth ni yatima anayejifunza ushonaji, hata miaka 16 hajatimiza sawasawa. Kijana tajiri, Bellingham, anamlaghai, anakaa naye, kisha anamwacha na mimba. Mchungaji Benson na dada yake wanamchukua nyumbani kwao. Ili watu wasimseme, wanadanganya kwamba ni mjane. Anamzaa Leonard, anakuja kuwa mwalimu wa watoto wa Bradshaw, tajiri wa kanisa lao. Siri ikifichuka, Bradshaw anamfukuza kama mbwa.

Hapo wasichana walinyamaza. Bradshaw wanamjua, hata kwetu yupo, anakaa benchi la mbele. Mmoja wao alitolewa kwaya kwa sababu ya mimba. Aliyempa bado anapiga gitaa ibadani.

Gaskell alikuwa na moyo, tusimnyime haki yake. Wanaume wawili wa kanisa lao walikichoma kitabu. Kwake mtoto si adhabu. Ndiye anayemwinua mama. Na yule Bradshaw mwenye kuhukumu, kumbe mwanawe mwenyewe anaghushi sahihi na kuiba.

Ila mwisho ndio unanigombanisha na mwandishi. Ruth anauguza wagonjwa wa homa mpaka mji mzima unamsifu. Halafu anamuuguza Bellingham mwenyewe, anaambukizwa, anakufa. Bellingham anapona! Sasa, Wakristo tunafundishwa deni lililipwa msalabani. Kama lililipwa, mbona Ruth analipishwa tena? Mdomoni Gaskell anasema neema, lakini kalamu yake inadai. Charlotte Brontë, mwandishi mwenzake, naye aliuliza kwa nini Ruth afe.

Labda aliogopa wasomaji wake: mwanamke wa namna hiyo wangemkubali akiwa marehemu tu. Mwishoni Bradshaw anakwenda kumwagizia jiwe la kaburi. Yaani jiwe ni rahisi kulitoa kuliko nafasi kanisani.

Yule wa kwaya akaniuliza, "Dada, kwa hiyo na mimi mpaka nife ndiyo nisamehewe?"

Nikamwambia hapana. Nikamwomba Jumamosi inayofuata atusimulie mwisho wake yeye. Alikuja nao. Ruth wake hafi. Anapona, anaingia kanisani na Leonard, anakaa pale pale alipokuwa akikaa, na ibada inaendelea. Basi, hakuna zaidi.

Wazee wa kanisa, na ninyi wa mashirika mnaotufundisha habari za mimba za utotoni, kitabu kipo kituoni. Kisomeni, halafu tuongee, na yeye awepo.