Mfuko Mmoja, Mraba Mmoja

Mafundi wa Tanzania wana msemo ambao siku hizi umehamia hata kwenye mapenzi na siasa: zege halilali. Mitaani maana yake ni kwamba la leo lifanywe leo. Fundi akiusema, anasema zege lenyewe. Maji yakishaigusa saruji, muda umeanza kukatika. Zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Saruji na maji huungana vikazaa jiwe jipya, na muungano huo haumsubiri aliyekimbilia dukani kuongeza mfuko. Ndiyo maana nataka kumsifu mtu ambaye kazi yake haionekani jioni nguo zikiwa zimejaa vumbi la saruji: yule anayekaa asubuhi na kalamu na kipande cha karatasi, akikadiria.

Thamani yake niliijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilimwaga zege mwenyewe nyuma ya nyumba yangu, sehemu ya kuanikia nguo. Niliangalia kwa macho nikasema mifuko sita inatosha. Magharibi ilipokaribia mfuko wa sita uliisha, na eneo la ukubwa wa mkeka lilikuwa bado tupu. Duka la vifaa limefungwa. Kesho yake niliunga zege bichi kwenye zege lililokwisha kushika, na mwaka haukuisha kabla ufa haujapita palepale nilipoungia, umenyooka kama uliopigwa kwa uzi.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya njia ya mama, sikugusa chepe. Nyumba yake iko Morogoro. Masika yakiingia, udongo wa pale uani hunata na kuteleza, na mama anatembea kwa fimbo. Nilimwita fundi mmoja mzee, nikitarajia aje na futi aanze kupima ardhi kutoka barazani hadi getini. Hakuanza na ardhi.

"Shikamoo, mama. Naomba utembee kidogo, na mwanao akushike mkono kama siku ya mvua."

Tukatembea. Yeye alikuwa nyuma yetu na kijiti, anachora mchangani, fimbo ya mama ilipogusa upande mmoja na nyayo zangu zilipopita upande wa pili. Ndipo akatoa futi. Upana ulikuwa mita moja na kitu. Akaandika 1.2. Urefu ulitoka mita 12.

Unene ndio uliompa kazi ya kufikiri, ingawa jibu lake lilikuwa fupi: sentimita 10, kwa sababu mbao ya inchi nne ina kimo hichohicho, na ukiisimamisha ubavuni mwa njia inakuwa ukingo na kipimo kwa wakati mmoja. Hapo hesabu ya darasani inakwisha upesi. Mita 12 mara 1.2 mara 0.1 ni mita za ujazo 1.44. Mwanafunzi wa darasa la saba angeipata. Lakini mita 1.44 za nini? Dukani hawauzi zege. Wanauza saruji kwa mfuko wa kilo 50, na mchanga na kokoto huletwa kwa kenta na kumwagwa nje ya geti.

Hapa ndipo sanaa yenyewe inapokaa, na naomba nikae nayo kidogo. Mchanganyiko wa kawaida wa njia kama ile ni moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi. Basi unadai lita 70 za mchanga, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20, na lita 140 za kokoto, ndoo saba. Jumlisha: lita 245. Asiyejua atadhani atapata lita 245 za zege. Atapata kama 157. Theluthi nzima imemezwa, wala hakuna aliyeiba. Mchanga umeingia kwenye mianya ya kokoto, saruji imeingia kwenye mianya ya mchanga, maji yamejaza palipobaki. Mwaga mtama kwenye kapu lililojaa maembe utaona jambo lilelile: kapu linapokea, wala halijai zaidi. Fundi mzee hakutaja asilimia yoyote. Alisema tu, "Vitu hivi vikikutana vinabanana," akagawa hesabu yake kwa mujibu wa kubanana huko.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona zuri kuliko ukuta wowote aliowahi kujenga. Aliichukua njia ya mita 12 akaikata vipande 10. Kila kipande kikawa mraba wa mita 1.2 kwa 1.2. Ujazo wa mraba mmoja ni lita 144. Mfuko mmoja unatoa lita 157. Mfuko mmoja, mraba mmoja, na ziada kidogo kwa kinachomwagika na kinachong'ang'ania kwenye karai. Mraba ukianza unaisha kwa mfuko wake. Mvua ikija ghafla, au kijana wa kuchanganya akiugua, kazi inasimama kwenye kiungo ambacho kilikuwa kimepangwa, si katikati ya kidonda kama pale kwangu pa kuanikia. Zege litapasuka tu linaposinyaa. Fundi anachochagua ni mahali pa kupasukia, na yeye aliyachagua yale maungio tisa.

Watu wa pwani yetu walifikiri hivi karne nyingi kabla ya mfuko wa kilo 50. Ingia nyumba kongwe ya mawe Lamu au Unguja utakuta vyumba virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haikuvuka sana mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Mwashi hakuanza na chumba akatafuta boriti. Alianza na kile asichoweza kukirefusha, akajenga nyumba kukizunguka. Alipima kwa shibiri, kwa dhiraa, kwa pima ya mikono iliyonyooshwa, mwili wake ukiwa ndiyo futi. Na lugha yetu inaliheshimu jambo hili, maana kukadiria kunatoka kwenye shina moja na kadari. Kukipangia kitu kipimo chake na kumpangia mtu majaliwa yake, Kiarabu kilituazima neno moja kwa yote mawili.

Mbao zilimchukua dakika chache. Mbao za futi 12, saba kwa pande mbili za njia, na tatu zaidi zikikatwa kila moja vipande vitatu vya kutenga miraba. Kumi tena. Kokoto ndoo 70, mchanga ndoo 35.

Mchanga ulipofika alichota kiganjani, akaufinya, akafungua mkono. Ulishikana. Akafuta ndoo 35 akaandika 44. Nikashtuka, nikidhani ananiongezea gharama. Akaniita karibu. Mchanga wenye unyevu hutuna: utando wa maji hushika kila chembe na kuitenga na mwenzake, hata mchanga laini ukaweza kuongezeka robo ya ujazo wake bila kuongezeka chembe hata moja. Ukipima ndoo tatu na nusu za mchanga wa namna hiyo, umepima kama tatu kasoro za mchanga wenyewe na hewa iliyobaki. Akajaza kopo mchanga ule, akalimiminia maji mpaka ukalowa kabisa, na mbele ya macho yangu ukashuka. Kwa sababu hiyohiyo alipunguza maji ya kuchanganyia, kwani mengine yalikuwa yamekuja na mchanga. Maji, kwa mfuko, hayatakiwi kuzidi sana lita 25 kwa jumla, na anayeongeza ili zege liteleze vizuri kwenye chepe anaununua wepesi wa saa moja kwa udhaifu wa miaka.

Siku ya kwanza walimwaga miraba mitano, mmoja wamwage, mmoja waruke. Siku ya pili wakatoa vipande vya mbao na kujaza mapengo. Upande mmoja ulikuwa chini ya mwenzake kwa sentimita mbili na kidogo ili maji yakimbie nyumba. Juu walipitisha ufagio, zege likabaki na mikwaruzo ya kuishika fimbo isiteleze. Kila mraba ulipokamilika, kilichobaki kwenye karai kilipelekwa chini ya bomba, kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60 ambalo mzee alikuwa amelichimba alfajiri, kabla hata saruji haijafunguliwa. Ziada nayo ilikuwa imekadiriwa. Sasa pale ndipo ndoo ya mama inapokaa.

Kwa siku saba tulifunika njia kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni, mama akipita pembeni kwa subira.

Nilimtembelea miezi michache baadaye, umeme umekatika. Nilimkuta anatoka getini peke yake gizani, nikataka kukimbilia. Akanizuia kwa mkono. Ncha ya fimbo iligonga kiungo, akasema nne. Ikagonga tena, tano. Kwenye sita akageuka kushoto bila kusita, akafungua bomba, na nikasikia maji yakiingia kwenye ndoo.