Affinity mpya: mkono wa bibi harusi unaonekana ulivyo

Jamani, inasogea na mkono! Unavuta mstari wa Curves na picha nzima, megapikseli 24 za raw iliyopigwa juani, inabadilika hapo hapo mbele ya macho yako. Hakuna kisanduku cha kuthibitisha kwanza, hakuna kusubiri skrini ijichore upande mmoja kisha upande wa pili. Unapitisha mshale juu ya orodha ya namna za kuchanganya leya, na kila unapogusa jina, picha inakuonyesha itakavyokuwa kabla hujachagua chochote. Nimeifungua Affinity mpya hapa Doonside, magharibi ya Sydney, na nataka kila mpiga picha anayesoma Kiswahili aifungue leo.

Kwa ambaye habari haijamfikia: Affinity ilizaliwa Nottingham, Uingereza, kwenye kampuni ya Serif. Affinity Photo ilitoka kwa kompyuta za Mac mwaka 2015, na mwaka huo huo Apple wakaipa heshima ya programu bora ya Mac. Machi 2024 Serif ilinunuliwa na Canva, kampuni ya hapa hapa Sydney, yenye makao yake Surry Hills. Kisha tarehe 30 Oktoba 2025 programu zao tatu, ya picha, ya michoro na ya kupanga kurasa, zikaunganishwa kuwa moja, na bei ikafutwa. Unahitaji akaunti ya Canva, ambayo nayo ni ya bure. Zana za akili bandia ndizo zinazolipiwa. Leya za marekebisho hazilipiwi hata senti. Kijana wa Mwanza au Likoni mwenye laptop ya kawaida anapata zana ile ile niliyo nayo mimi, na hilo pekee lingetosha kunifurahisha.

Lakini kilichonirusha kitini ni uaminifu wa picha ninayoonyeshwa wakati ninafanya kazi.

Wazo la leya ya marekebisho si jipya. Photoshop ililileta katika toleo la 4, mwaka 1996: badala ya kuzichakaza pikseli zenyewe, unaweka juu yake maagizo, ongeza mwanga hapa, punguza wekundu pale, na maagizo hayo unaweza kuyabadilisha au kuyafuta wakati wowote. Wala hamu ya kupanga picha juu ya picha haikuanza na kompyuta. Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, aliunganisha picha kadhaa kuwa moja kwa mikono yake ndani ya chumba cha giza. Ila fundi wa chumba cha giza alikuwa na nidhamu ambayo sisi wa skrini tumeisahau: alichapa kwanza kipande chembamba cha karatasi, akakiangalia kwenye mwanga, ndipo akachapa picha nzima. Hakuamini makadirio.

Skrini inakadiria, na inakadiria bila kukuambia. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiitoshea kwenye eneo la skrini lenye nukta 1500 kwa 1000, kila nukta unayoiona inabeba pikseli 16 zilizochanganywa. Ili kazi iende haraka, programu nyingi za kuhariri hupiga hesabu ya leya juu ya nakala hiyo iliyopunguzwa. Kwenye anga tupu hutaona tofauti. Kwenye mkono wa bibi harusi utaiona, na itakuumiza.

Chukua piko, michoro myeusi ya mkononi mwake. Mstari mwembamba mweusi juu ya ngozi ya kahawia: pikseli ya mstari ina thamani 20, jirani yake ya ngozi ina 120. Sasa weka Curves inayozamisha vivuli na kuinua mwanga, ili 20 iwe 10, 70 iwe 50, na 120 iwe 140. Kwenye picha halisi mstari unakuwa 10, ngozi 140, na wastani wao ni 75. Lakini ukiwa umeitazama picha nzima kwa mbali, programu imeshachanganya 20 na 120 kuwa 70, kisha ikapitisha 70 hiyo kwenye Curves, ikapata 50. Sabini na tano dhidi ya hamsini! Skrini inakuambia mkono umekuwa mweusi mno. Unauongezea mwanga. Picha inarudi kutoka kuchapwa, na mkono umepauka, piko limefifia, ngozi ina rangi ya majivu. Shangazi yake anaishika, anaigeuza, anauliza: "Mwanangu, huyu ndiye binti yetu kweli?"

Dawa ya kosa hilo inajulikana: kagua kwa asilimia 100, pikseli moja ya picha kwa nukta moja ya skrini. Ushauri huo unahusu Photoshop na Affinity vilevile, hasa kwa vichujio vya kunoa na kupunguza chembechembe. Tofauti ni raha ya kuufuata. Katika programu nzito, kukaa kwenye asilimia 100 na leya nane juu ya picha ni adhabu, na ndiyo maana watu hukimbilia kutazama kwa mbali. Hapa ninausogeza mkono kutoka kidoleni hadi kiwikoni na leya zote zinafuata bila kukwama, kwa kuwa kazi inabebwa na kadi ya michoro. Ukweli umekuwa mwepesi kiasi kwamba hakuna tena sababu ya kuukwepa!

Na kuna Soft Proof. Hapa ndipo nilipopiga kelele peke yangu chumbani. Katika Affinity, jaribio la uchapaji ni leya ya marekebisho kama nyingine. Unaiweka juu kabisa, unachagua profaili ya karatasi na wino uliyopewa na mchapaji wako, na picha yote iliyo chini yake inajionyesha itakavyotoka kwenye karatasi hiyo. Washa ukaguzi wa rangi zisizochapika, na kila sehemu ambayo wino hauwezi kuifikia inageuka kijivu. Wekundu mkali wa kanga, ule unaowaka kwenye skrini, unaweza kuuona ukiwa kijivu kitupu. Unaongeza leya ya rangi chini ya Soft Proof, unaushusha wekundu huo nguvu taratibu, na kijivu kinapungua mbele yako kadiri unavyoshusha. Unarekebisha ukiwa ndani ya jaribio lenyewe! Sharti ni moja: izime leya hiyo kabla ya kutoa faili, la sivyo mabadiliko ya jaribio yataingia kwenye picha yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili la kukagua rangi lina uzito wake. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za filamu zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Shirley za Kodak, picha ya mwanamke mzungu aliyekuwa kipimo cha ngozi zote duniani. Ngozi nyeusi ikatoka tope, meno na macho tu ndiyo yakionekana. Wapiga picha wa kwetu walilazimika kujua zaidi ya kadi, na ukitazama kazi ya Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, unaona nyuso zenye kina, zenye mwanga unaotoka ndani. Hakuna kitufe kilichompa hilo. Alikagua karatasi.

Hapa Doonside mtihani uko mlangoni. Familia nyingi za eneo letu la Blacktown hupigia picha za harusi Nurragingy, hifadhi yenye bustani ya Kichina iitwayo Chang Lai Yuan, na jua la saa nane mchana halimwonei mtu huruma: gauni jeupe linaungua, uso wa bwana harusi unazama, na nyuma yao mikaratusi ina kijani chenye ukijivu ambacho hupotea kirahisi unapogusa ngozi. Affinity ina barakoa hai, zilizoletwa na toleo la 2 mwaka 2022, zinazoshika eneo kwa aina ya rangi au kwa kiwango cha mwanga. Niliweka leya ya kuinua vivuli, nikaipa barakoa ya rangi ya ngozi, na mikaratusi ikabaki na rangi yake ya kweli. Hata bila hiyo, kila leya ya marekebisho inakuja na barakoa yake ndani. Shika brashi nyeusi upake, na marekebisho yanaondoka unapopita.

Kabla hujaanza, zima mwanga wa usiku wa Windows au True Tone ya Mac, kwa sababu zote mbili hupaka skrini rangi bila ridhaa yako. Ukiweza, pima skrini kwa kifaa cha kupimia rangi. Fanya kazi katika biti 16, ambapo kila rangi ina ngazi 65,536 badala ya 256, hasa kwenye anga la magharibi lenye rangi zinazopandana taratibu. La sivyo utaona mistari mahali ambapo pangekuwa na mteremko laini.

Ninachokitamani sasa kutoka kwa wenye Affinity ni alama ndogo pembeni ya picha, nukta ya njano tu, inayowaka kila ninapotazama makadirio na kuzimika ninapofika kwenye pikseli halisi. Surry Hills si mbali na reli yetu. Treni ya T1 inanifikisha Central, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Niko tayari kwenda na mkono huu wenye piko, niuweke mezani kwao, niuvute kwa mbali, niusogeze karibu, waone wenyewe kwa nini nukta hiyo inahitajika.