Seva ya Barua Pepe kwa Laini ya Simu: Kutoka Nairobi Hadi Amu

Seva ya barua pepe imebuniwa kana kwamba iko hewani saa zote. Mashine ya mtumaji huitafuta ya mpokeaji moja kwa moja kwa itifaki ya SMTP. Ikiikosa, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, kwa kawaida hadi siku nne au tano. Nyumba inayopata mtandao kwa modemu dakika kumi tu kwa siku hainufaiki sana na subira hiyo, kwa kuwa majaribio hufuata saa ya mtumaji. Isitoshe, kila simu inapopigwa upya mtoa huduma huipa kompyuta namba nyingine ya mtandao. Kwa hiyo kwanza itafutwe mashine ya mbali isiyozimwa, ipokee barua kwa jina la nyumba na kuzishika mpaka zifuatwe.

Afrika Mashariki iliuzoea mpango huu kabla ya intaneti kamili, iliyofika Kenya mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Environment Liaison Centre International, Nairobi, lilikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao wa kompyuta binafsi zinazopigiana simu ulioanzishwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984. Upande wa London, Karen Banks wa shirika la GreenNet aliendesha lango lililogeuza barua za Fido kuwa za intaneti, na za intaneti kuwa za Fido. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, nacho kilitumia FidoNet.

Ufundi wake ulikuwa katika kukusanya. Barua 100 za kilobaiti 3 kila moja ni kilobaiti 300. Zikibanwa hushuka hadi 150 hivi. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde huzivusha kwa dakika kumi na ushei, ile ya 14,400 kwa dakika mbili. Itifaki ya Zmodem iliongeza jambo ambalo kwa laini mbovu lilikuwa na thamani kubwa kuliko kasi: simu ikikatika katikati, upakiaji huendelea pale ulipoishia. Swali la nani apige lilikuwa la fedha tupu, maana simu ya kutoka Afrika kwenda Ulaya kwa kawaida iligharimu zaidi kuliko ya kutoka Ulaya.

Nyumba ya mtaa wa Mkomani, katika kisiwa cha Amu, ilikuwa na hesabu hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Simu ya Mombasa au Nairobi ilikuwa ya masafa na ililipiwa kwa dakika. Umeme wa kisiwa nao kwa miaka mingi ulitoka kwenye jenereta za dizeli, hivyo betri ya akiba haikuwa anasa. Barua huandikwa mchana bila laini na kubaki kwenye foleni. Usiku, kwa ratiba, modemu hupiga, seva husukuma za kwenda, huomba za kuja, kisha hukata. Mtego mkubwa uko kwenye utafutaji wa majina: modemu iliyoruhusiwa kupiga yenyewe kila programu inapohitaji mtandao itapiga kila barua inapoandikwa, kwa sababu seva inataka kujua anwani ya mpokeaji iko wapi. Dawa ni kuiamuru seva ikabidhi kila kitu kwa mashine moja ya mtoa huduma bila kuuliza lolote.

Kuchota barua ndiko kunakokosewa zaidi. Kila barua ya SMTP ina bahasha, yaani jina la mpokeaji linalotajwa kabla ya barua yenyewe kuingia, nayo si sawa na majina yaliyo kichwani mwa barua. Ndani ya sanduku moja la POP, itifaki ya kuchota barua, bahasha hiyo aghalabu hupotea. Programu ya fetchmail, ikichotea nyumba ya watu watano, hubaki kukisia kwa kusoma kichwa. Nakala ya siri haina jina la mpokeaji pale, na barua ya kundi ina anwani ya kundi tu. Zote humwangukia msimamizi. Ikipangwa vibaya, seva huzituma upya kwa kila jina inaloliona, na watu wa mbali wakapokea barua mara mbili.

Amri ya ETRN, iliyosanifiwa mwaka 1996, huiomba seva ya mtoa huduma itume barua zinazongoja na huhifadhi bahasha, lakini seva hiyo lazima ijue namba ya mtandao ya kudumu ya kuirudia nyumba. UUCP, itifaki kongwe ya miaka ya 1970, haihitaji namba yoyote ya mtandao: hubeba barua pamoja na bahasha zake katika fungu lililobanwa, na huendelea kutumika hata simu ikipigwa moja kwa moja kwa modemu ya mwenzake. Kwa visiwa ilikuwa chaguo bora, ingawa watoa huduma wengi waliiacha mapema.

Kikomo cha ukubwa nacho huwekwa kwa mtoa huduma, si Amu. Picha ya megabaiti moja, ikishageuzwa maandishi ili isafiri kwa barua, hula karibu robo saa kwa modemu ya 14,400. Seva ya nyumbani ikiikataa baada ya kuipokea, dakika hizo zimeshalipiwa.