Ubao, Dadu na Kete: Uhakiki wa Michezo ya Chekechea

Tumezoea, katika kurasa za namna hii, kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Si vibaya, lakini mtoto wa miaka minne hana habari na diwani. Kitabu chake cha kwanza aghalabu ni ubao wa mchezo: una mwanzo na mwisho, una njia na kanuni, na una lugha inayosemwa juu yake. Kwa hiyo wastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote, tena kwa ukali zaidi, maana msomaji wake hawezi kujitetea.

Kwetu hapa Rusizi, nchi ya Cyangugu ya zamani, jambo hili lina uzito wa pekee. Kiswahili kilitiwa katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, lakini mwanafunzi hukutana nacho kama somo akiwa sekondari. Mtoto wa Kamembe au Bugarama huwa amekwisha kukisikia sokoni na mpakani kabla hajashika kalamu; akivuka mto Ruzizi kwenda Bukavu husikia "batoto" pale ambapo sisi twafundisha "watoto". Mchezo wa chekechea, basi, ni nafasi ya kumzoesha upatanisho wa kisarufi bila kumwekea kipindi. Nafasi hiyo hupotea pale kituo chenye fedha za ubao mmoja tu kinapouchagua kwa uzuri wa rangi zake.

Tuanze na Ludo, ambao una rangi kupita yote. Asili yake ni mchezo wa Kihindi wa pachisi, na sura tuijuayo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896. Kanuni yake ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtoto mdogo: kete haitoki nyumbani mpaka dadu ioneshe sita. Hebu tupige hesabu. Wakiketi watoto watatu, na kila mmoja akarusha dadu mara sita, tutarajie kwamba mmoja wao hataiona sita hata mara moja. Atakuwa ameketi akitazama wenziwe wakitembea, naye hajahesabu hatua hata moja. Tena kila mchezaji ana kete nne, na kila kete hupita vyumba zaidi ya 50. Hata asipoliwa, atahitaji kurusha dadu mara 60 hivi ili azifikishe zote. Ni mtoto gani wa miaka minne atakayeketi muda huo wote? Ludo ni mchezo mwema wa vijana jioni. Chekechea haukuandikiwa.

Nyoka na Ngazi una sifa ya kuwa na hadithi: anayepanda hufurahi, anayemezwa hulia, na wote hucheka. Kasoro yake ni ya usomaji. Vyumba 100 vimepangwa kumikumi. Safu ya kwanza yaenda kulia, ya pili yarudi kushoto, na hivyo hivyo hadi juu. Mtoto tunayemfundisha kwamba maandishi huanza kushoto anakuta ubao unaomkanusha kila baada ya safu moja. Pia hana uamuzi wowote: dadu imekwisha kuamua, yeye ni tarishi tu. Mwalimu akitaka mchezo huu, na achore mwenyewe njia moja yenye vyumba 20, isiyorudi nyuma, yenye nyoka wawili na ngazi tatu. Karatasi ngumu na kalamu za rangi zatosha.

Dama sitaitaja zaidi ya kusema kwamba humtaka mchezaji aone hatua ya mwenziwe kabla haijachezwa. Tungoje.

Umebaki mchezo ambao wengi hawaufikirii kwa sababu wanauona kila siku: igisoro, ndugu wa bao la pwani. Yote miwili ina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Husemwa kwamba huu ni mchezo wa wazee, na kwa ubao mzima ni kweli: kuzungusha kete, kula, kuendelea na mkono uleule, kuyakumbuka mashimo 32, hayo si ya mtoto. Lakini pwani wenyewe hawamwanzishi mwanagenzi na bao kuu. Lipo bao la kujifunza, ambamo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo. Nasi tuna ruhusa ya kupunguza zaidi. Napendekeza safu mbili za mashimo manne manne, kila shimo kete tatu, jumla 24. Mtoto achukue zote za shimo moja la upande wake, adondoshe moja moja katika yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu la upande wake, ale zilizo mkabala. Hakuna dadu wala kungoja sita. Huchagua shimo mwenyewe, na kosa la kuchagua analiona mara moja.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha hupata mavuno yake. Mtoto anayesema Kinyarwanda hupatanisha namba hadi saba: abana batandatu, abana barindwi, akifika nane huacha: abana umunani. Kiswahili kinakwenda kinyume mahali hapo hapo: watoto watano, kisha watoto sita, watoto saba, bila kiambishi, halafu kiambishi chazuka tena, watoto wanane. Ndiyo maana "wasita" na "wasaba" hutusumbua hadi sekondari. Ukitumia kete, mtoto hasikii lolote, kwa kuwa kete mbili na kete nane hazitofautiani na hesabu tupu. Badilisha kete, weka vifuniko vya chupa za soda: viwili, vitatu, vinne, vitano, sita, saba, vinane. Mchezo ukiisha aulizwe, "Umekula vingapi?" naye ajibu kwa kuvihesabu mkononi. Wiki nyingine yawekwe mawe: mawili, matatu, na kuendelea hadi manane. Uchaguzi wa kitu cha kuchezea ni uchaguzi wa ngeli. Hakuna ubao wa dukani utakaomfanyia mwalimu kazi hiyo.

Dosari zipo. Igisoro hauna picha, na mtoto aliyezoea rangi atauona mkavu siku ya kwanza. Mbegu ndogo huishia kinywani au puani. Kwa hiyo vitumike vitu visivyoweza kumezwa, na mwenye miaka mitatu asiachwe peke yake navyo. Seremala akichonga, mashimo yawe mapana kiasi cha kuingia ngumi ya mtoto. Asipopatikana, ardhi ya uani yachimbika kwa kijiko.

Na ubao wa Ludo uliokwisha kununuliwa usitupwe. Mpeni kila mtoto kete moja badala ya nne, futeni kanuni ya sita, na mtoto aseme kwa sauti "hatua tatu" kabla ya kuigusa kete yake.