Vidole Viwili vya Hewa

Mche wangu wa kwanza wa nanaa ulinyauka huku miguu yake iko majini. Niliuotesha kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikauweka kwenye ukingo wa dirisha, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliujazia maji mpaka shingoni. Siku ya tisa majani yakalegea. Nikaona una kiu, nikaongeza maji. Siku ya kumi na mbili mizizi ilikuwa ya rangi ya chai, inateleza, inanuka kinamasi.

Nikapanda na chupa yangu ghorofa ya tatu, kwa jirani ambaye jengo zima tunamwita Mwalimu, maana alifundisha kemia sekondari mpaka alipostaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huo umeuzamisha."

Hata sijaeleza kilichonileta. Aliuinua mzizi mmoja kwa ncha ya uma, akautazama kwenye mwanga, akaurudisha, kisha akaniambia nikae. Tangu siku hiyo ni mwaka na miezi, na bado napanda ngazi zile kila Jumamosi kutazama anavyofanya.

Dirisha la sebule yake, hapa Upanga, Dar es Salaam, linatazama kaskazini. Nyuma ya nondo na wavu zimesimama chupa kumi na nne, kila moja imevikwa kipande cha khanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili na kushonwa kama soksi. Mara ya kwanza nilidhani ni mapambo. Kumbe mwanga ukiyafikia maji yenye mbolea, ule utelezi wa kijani tunaouona kwenye matangi huota humo ndani ya siku chache na kula chakula cha mche.

Chupa anaikata chini kidogo ya bega, kwa kisu kilichopashwa moto. Kile kichwa anakigeuza, mdomo ukitazama chini, anakiketisha ndani ya kiwiliwili kama faneli. Katika faneli anaweka usumba wa nazi aliouloweka na kuusuuza mara tatu kutoa chumvi, na katikati ya usumba anaweka mche wenye majani manne. Maji yanagusa mdomo wa faneli tu, kiasi cha unene wa kidole kidogo. Hapo ndipo kazi ya mikono inapokwisha, na ndipo mimi nilipokosea, kwa sababu sikujua kwamba kuanzia hapo ufundi ni kuacha.

Mche unakunywa, maji yanashuka. Kati ya faneli na maji panabaki nafasi, na humo mizizi ya juu inaota tofauti na ile ya chini. Nimeiona kwa kioo cha kukuzia: ya chini ni mirefu, laini kama nyuzi za kushonea, ya juu ni mifupi, imejaa manyoya meupe kama ya ngozi ya pichi. Ya chini inakunywa, ya juu inavuta hewa. Ukiinua maji ukaifunika ile ya juu, unaziba pua ya mmea. Ndiyo maana wangu ulikufa kwa kukosa pumzi nami nikadhani ni kiu.

Shambani hewa inakaa katikati ya chembe za udongo, hatuifikirii. Majini ni kidogo mno, na joto linaipunguza zaidi: lita ya maji yenye nyuzi 20 inabeba kama miligramu 9 za oksijeni, yakifika nyuzi 30 inabaki saba na nusu. Sebule za Dar es Salaam mwezi wa pili tunazijua zilivyo. Kwa hiyo ile nafasi tupu ndiyo shamba lenyewe. Mwalimu anaipima kwa mkono. Chupa ikikaribia kukauka huongeza, ila hata siku moja hajavuka alama ya vidole viwili chini ya mdomo wa faneli, na mche ukiwa mkubwa anaacha vinne.

Njia hii isiyotumia pampu wala umeme inaitwa kwa jina la Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Umeme ukikatika, hakuna kinachokufa. Jina la haidroponiki, yaani kukuza mimea majini bila udongo, lilienea miaka ya 1930 kutokana na kazi za William Gericke wa California, aliyekuza nyanya kwenye matangi, lakini jaribio ninalolipenda mimi ni la Mwingereza John Woodward. Mwaka 1699 alitangaza matokeo ya kukuza nanaa katika maji ya mvua, ya mto Thames, ya bomba la Hyde Park, na katika maji aliyoyachanganya na udongo wa bustani. Yale machafu ndiyo yaliyokuza zaidi. Akatambua kwamba mmea haujengwi kwa maji matupu. Nanaa ile ile, kwenye chupa, zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Mwalimu naye anaanza na maji ya mvua, anayoyakinga masika kwenye madumu, kwa kuwa visima vya mitaa mingi ya jiji hili vina chumvi. Hayana kitu ndani, na hivyo ndivyo anavyoyataka, apate kuhesabu anachotia. Mbolea yake iko katika vyombo viwili. Siku moja alitaka nione kwa nini. Akatia tone nene la hiki na tone nene la kile kwenye bilauri moja. Kikatokea kiwingu cheupe, kikashuka polepole, kikatulia chini kama unga.

"Jipsamu," akasema. "Ile ile ya dari. Kalsiamu imeshikana na salfeti, na mche hauli jiwe."

Ndiyo sababu anatanguliza maji, anatia mbolea ya kwanza, anakoroga mpaka mia moja, ndipo anatia ya pili. Namba anazihesabu kwa sauti ya chini, midomo ikitikisika. Sijawahi kumsikia akiishia tisini.

Saladi za majani ya duara haziwezi, naye haoni haya kuzikataa: kwa joto letu hukimbilia maua na kuwa chungu. Anaotesha nanaa, kotimiri, kitunguu majani, na mchicha kwenye pembe yenye jua kali kuliko zote. Mwezi wa kumi chupa zote zinahama nyumba. Jua linapovuka utosi wa jiji kuelekea kusini, dirisha la sebule linabaki na mwanga bila miale, basi anazibeba moja moja kwenda dirisha la jikoni. Mwezi wa tatu zinarudi.

Na kila tundu amelifunga kwa nailoni ya soksi. Maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni mwaliko kwa mbu wa dengue, na jiji hili halijasahau milipuko ya 2014 na 2019. Mtu asiyefunga chupa zake, kwa maoni yangu, bora aache kabisa.

Kinachonirudisha kule juu, hata hivyo, ni mistari. Katika kila vazi la khanga ameacha kijidirisha chenye kifuniko cha kitambaa. Anakifunua sekunde chache, anapiga mstari wa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika, anaandika tarehe, anafunika. Chupa ya nanaa ya wiki ya kwanza ina mistari iliyobanana kama ukili wa mkeka. Wiki ya tatu inaanza kuachana. Wiki ya tano kati ya mstari na mstari unaingia kidole kizima.

Mche wangu wa pili una mistari kumi na tisa. Juzi jani moja lilijikunja, nikashika jagi, nikaliweka chini, nikaenda kumwita. Alishuka na kandambili zake, akafunua kijidirisha, akatazama kwa muda mrefu. Mizizi ya juu ilikuwa myeupe, manyoya yamesimama.

"Jua la jana lilikuwa kali, jani litanyooka," akasema, akafunika. Kisha akaomba matawi mawili ya chai.