Kuisoma Tena Rosa Mistika

Nilikisoma kitabu cha Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi nikiwa kijana wa kidato cha pili, katika nakala iliyokwisha kupoteza jalada, ambayo ilizunguka bweni zima kabla ya kunifikia. Tulikisoma kwa siri, kwa kuwa sifa ya kupigwa marufuku mashuleni ilikuwa bado inakifuata, ingawa marufuku yenyewe ilikuwa ya zamani. Kisha nikakisahau. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa somo la maadili ya Kikristo aliniuliza kama riwaya hiyo yafaa kutumiwa katika tasnifu yake. Nilimjibu upesi kwamba ni hadithi ya msichana aliyeharibika akavuna alichopanda. Alipoondoka niliona haya, maana katika watu wote wa kitabu kile sikuweza kukumbuka jina la mwingine ila Rosa. Nikakitafuta, nikakisoma kwa siku mbili.

Riwaya hiyo ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971. Mwandishi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alisoma katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi, na jambo hilo laonekana tangu kwenye jina la kitabu. Waridi la fumbo ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania yake. Wanafunzi wetu wa Kilutheri hawaijui litania hiyo, na kwa sababu hiyo hupitwa na uchungu mkubwa wa kitabu: binti anapewa jina la Aliye Safi, kisha watu wote, baba yake akiwa wa kwanza, wanamdai usafi bila kumsaidia kuupata.

Nilivyokuwa nikikumbuka, kitabu kilianza na dhambi za Rosa. La hasha. Kinaanza nyumbani kwa Zakaria, mwalimu wa zamani aliyegeuka mlevi, anayeiachia mkewe Regina mizigo yote ya nyumba. Barua ya kijana Charles inapomfikia Rosa, Zakaria anampiga bintiye kipigo ambacho msomaji hakisahau. (Mimi nilikisahau, na nadhani ni kwa sababu nilipokuwa kijana kipigo cha namna hiyo hakikunishangaza.) Tangu siku ile Rosa anajua jambo moja tu kuhusu wavulana, nalo ni kuwaogopa. Anakwenda shule ya wasichana Mwanza akiwa na hofu hiyo tu, na hofu inapoisha habaki na kitu cha kumwongoza.

Hapa mwalimu wa theolojia hana budi kusimama kidogo. Mtume Paulo, katika Wagalatia 3, anaieleza torati kama kiongozi mwenye kazi ya kumfikisha mtoto kwa mwingine. Torati ya Zakaria haimfikishi Rosa popote. Inakataza, inapiga, kisha inakwenda kilabuni. Tunapofundisha Amri ya Nne tunawakazania watoto utii, ilhali Luther katika Katekisimo Kubwa anawageukia pia wazazi na kuwaonya kwa ukali juu ya wajibu wao. Sehemu hiyo ya pili nimeisikia ikihubiriwa mara chache sana, na mimi mwenyewe sijaihubiri ipasavyo.

Wanaume wanaofuata katika maisha ya Rosa ni watu wenye vyeo. Deogratias ana cheo. Thomas ni mkuu wa chuo cha ualimu. Charles, mwenye elimu, anarudi mwishoni kama mchumba, na anapojua habari za Rosa za nyuma anamwacha, naye Rosa anajiua. Nikiwa kijana nilimhesabu Charles kuwa mtu mwema aliyeponea chupuchupu. Safari hii sikuweza kumvumilia.

Naandika haya nikikumbuka ibada moja katika usharika niliouhudumia nilipokuwa mchungaji mgeni. Binti wa kwaya alikuwa amepata mimba. Baraza la wazee lilimtenga na Meza ya Bwana, nami nikalisoma jina lake mbele ya watu. Hakuna aliyeuliza ni nani mwenzake, ingawa wengi walimjua, na mtu huyo alikuwa ameketi mle kanisani. Miezi baadaye binti alirudishwa kundini kwa utaratibu, akapiga magoti, tukaimba. Sikumwona tena baada ya Jumapili ile. Sidai kwamba nidhamu ya kanisa haifai. Nasema kwamba siku ile niliisoma Yohana 8 nikiwa upande wa waliokuja na mawe, na kwamba kitabu nilichokuwa nimekisoma miaka mingi kabla kingeweza kunizuia, kama ningalikisoma vizuri.

Kwa upande wa sanaa, riwaya ina kasoro za kazi ya kwanza ya mwandishi kijana. Sehemu ya mwisho inakwenda mbio, na vifo vinafuatana upesi kiasi cha kumnyima msomaji nafasi ya kuomboleza. Charles hajajengwa vya kutosha, hata ukatili wake unakuja ghafula mno. Hata hivyo sura ya mwisho inafidia mengi. Baba na binti, wote wawili wakiwa wamekufa, wanasimama mbele ya mahakama ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama, kama Adamu na mkewe bustanini. Ezekieli 18 inakataa mwana auchukue uovu wa baba yake. Kezilahabi anamleta mwana ambaye uovu wa baba umekuwa malezi yake, kisha anauliza mpaka uko wapi. Tangu nilipokifunga kitabu nimelijaribu swali hilo kwa zana zote za darasani, pamoja na fundisho letu la dhambi ya asili, wala sijaridhika na jibu langu hata moja.

Yule mwanafunzi nilimwita ofisini wiki iliyopita, nikamwomba alifute jibu langu la kwanza katika daftari lake. Nakala yangu anayo yeye.